Mzabuni Mdogo wa Mara na Akili Mnemba

Karibu kila dawati analokalia mtoto wa shule huko Butiama, kila mfuko wa saruji ulioingia katika zahanati ya Bunda, na kila rimu ya karatasi iliyo juu ya meza ya karani wa Manispaa ya Musoma, yote mkoani Mara, kabla ya kuwa kitu cha kushikika kilikuwa kwanza tangazo la zabuni. Na mtu aliyelisoma tangazo hilo kwa wakati, akalifahamu, kisha akalijibu kama lilivyotaka kujibiwa, ndiye aliyepata riziki yake humo, ilhali jirani mwenye karakana nzuri zaidi na mafundi hodari zaidi alibaki akilitazama lori la mgeni likishusha madawati mlangoni pa shule wanayosoma wanawe mwenyewe. Wakubwa wa serikali husema mara kwa mara kwamba zaidi ya asilimia 70 ya bajeti ya nchi hupita katika ununuzi wa umma. Basi anayetaka kujua fedha ya umma huishia kwa nani, asitazame hotuba ya bajeti peke yake, bali atazame pia ni nani mwenye uwezo wa kusoma waraka wa zabuni hadi ukurasa wa mwisho.

Zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, tangazo lilibandikwa katika ubao wa halmashauri au likatiwa gazetini, na mkandarasi wa Kibara au wa Kisorya aliyetaka kushindana alikuwa hana budi kupanda gari hadi Bunda mjini kununua waraka, arudi nyumbani kuujaza, kisha apande gari tena kuitia bahasha yake yenye lakiri katika sanduku la zabuni kabla ya saa iliyotajwa. Gari likiharibika njiani, zabuni imekwisha. Siku ya kufungua, wazabuni waliketi benchi moja wakisikiliza bei zikisomwa kwa sauti, na huo, pamoja na taabu zake zote, ulikuwa uwazi wa namna yake, kwa kuwa watu walionana nyuso. Lakini yaliyotendeka kabla ya siku hiyo, nani aliambiwa mapema, nani alifichwa tangazo, bahasha ya nani ilichelewa kwa bahati na ya nani kwa makusudi, hayo hayakuonekana na mtu.

Sheria zimejaribu kuyatibu maradhi hayo kwa vipindi. Ilikuja Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2001, ikafuatwa na ile ya 2004 iliyoiweka Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, kisha ya 2011, na sasa tunayo Sheria Namba 10 ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024. Katikati ya mabadiliko hayo likatokea jambo ambalo kwa mzabuni wa mikoani lina uzito kuliko vifungu vyenyewe, nalo ni mfumo wa ununuzi wa kielektroniki uitwao NeST, uliojengwa na wataalamu wa Kitanzania, ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2023, na kufikia Oktoba mwaka huo taasisi zote za umma zikawa zimelazimishwa kuacha mfumo uliotangulia, ule wa TANePS, na kununua humo tu. Tangu hapo mkandarasi wa Kisorya huliona tangazo katika saa ile ile anayoliona mwenzake wa Dar es Salaam, na mfumo hauzifungui zabuni mpaka saa ya mwisho itimie. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba hili ni tendo kubwa la haki, na ninalisema bila kusita, kwa sababu nimewasikia wafanyabiashara wa Mara wakilalamikia mtandao, umeme na vifurushi, lakini sijamsikia hata mmoja akitamani kurudi kwenye sanduku.

Umbali wa njia umeondoka. Umbali wa waraka umebaki. Tuuchukue mkononi waraka mmoja wa zabuni ya kujenga vyumba vya madarasa, wa kawaida kabisa, na tuufungue. Kwanza yapo maelekezo kwa wazabuni, kurasa kwa kurasa. Halafu jedwali la taarifa za zabuni, ambalo huja kuyabadilisha au kuyakamilisha maelekezo yaliyotangulia, hata msomaji asiyekuwa na mazoea asijue lipi lishike na lipi liachwe. Halafu vigezo vya tathmini. Halafu masharti ya jumla ya mkataba, yakifuatwa na masharti mahsusi ambayo nayo huyarekebisha yale ya jumla. Halafu fomu, michoro, na jedwali la kazi na vipimo ambalo watu wote huliita BOQ, likitaja kila tofali na kila kilo ya nondo. Yote hayo aghalabu ni kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wanasheria. Na ndani ya msitu huo, pengine katika mstari mmoja tu wa jedwali, pameandikwa kwamba anayesaini zabuni sharti aambatanishe hati ya kumpa mamlaka ya kusaini iliyothibitishwa na wakili. Mtu ameweka bei nzuri, ana usajili wa Bodi ya Makandarasi wa daraja la saba, ana leseni na uthibitisho wa kulipa kodi, na ameshajenga. Lakini hati ile hakuiweka, basi zabuni yake hutupwa katika hatua ya awali na bei yake haisomwi kabisa. Wangapi wameanguka kwa mstari kama huo, nao hawakuwa wajinga wala wavivu!

Kwa ajili hiyo ilizuka kazi mpya katika miji yetu. Ukipita vibanda vya steshenari vya Nyasho, au ukishuka stendi ya Bunda, utaona vijana wenye kompyuta ambao, pamoja na kuchapa barua na kupiga nakala, huwasajili watu NeST, huwatafutia zabuni na kuwajazia. Wengi wao ni waaminifu na wanafanya kazi ya heshima. Hata hivyo mzee wa kampuni humwachia kijana yule nywila yake na namba yake ya kitambulisho, naye aondoke zake; na siku kijana akihama mji, au akiwajazia zabuni moja wateja wawili wanaoshindana, huyu akaijua bei ya yule, mwenye kampuni hana pa kushika. Siri ya bei ndiyo roho ya zabuni, nayo imewekwa rehani kwa mtu asiyefungwa na kiapo chochote.

Hapo ndipo akili mnemba imeingia, bila hodi na bila semina, kwa njia ya simu za mkononi. Kijana aliyemaliza chuo, mke wa mkandarasi, katibu wa kikundi, humwaga waraka mzima wa zabuni ndani ya programu kama ChatGPT au mojawapo ya wenzake, kisha huuliza kwa Kiswahili: nieleze wanataka nini, tarehe ya mwisho ni lini, nitakataliwa kwa kukosa nini? Na majibu huja. Katika nchi za mbali zipo kampuni zinazouza programu maalumu za kupekua matangazo ya serikali za mitaa kila asubuhi na kumpelekea mteja yale yanayomfaa. Kwetu, kwa kuwa matangazo yote yamekusanywa mahali pamoja, na kwa kuwa kila taasisi hutakiwa kuuweka wazi mpango wake wa ununuzi wa mwaka, kutafuta si taabu kubwa tena. Anayeufungua mpango wa Halmashauri ya Wilaya ya Butiama mwezi Julai, mwaka wa fedha unapoanza, anaweza kujua takriban nini kitanunuliwa mpaka Juni ijayo, akajipanga kwa fedha na kwa vifaa. Taabu yetu iko katika kusoma na kujibu.

Nimejaribu mwenyewe, kwa kuwa sikutaka kuandika kwa kusikia. Nilichukua waraka wa zabuni ya kuuza madawati, nikaupa programu moja, nikaitaka iniandikie kila kitu ambacho mzabuni asipokileta ataenguliwa, pamoja na namba ya kifungu kilikoandikwa. Ilileta orodha, nikakaa na waraka na kalamu, nikapitia kimoja kimoja. Vifungu vilikuwa sahihi, hata kile cha siku ambazo zabuni hutakiwa kubaki halali baada ya kufunguliwa, ambacho kimefichwa pale ambapo mtu mzima mwenye miwani hukipita. Kazi ambayo ingemla mtu mzoefu jioni nzima iliisha kabla chai haijapoa. Kisha nikaiomba iandike maelezo ya uzoefu wa kampuni, bila kuiambia kampuni ina uzoefu gani, nikitaka kuona itafanya nini. Haikuniuliza. Iliandika kwa lugha fasaha kwamba kampuni imewahi kutengeneza mamia ya madawati kwa shule za msingi za mkoa wa Mara, ikataja miaka, ikataja thamani ya mkataba, ikamalizia kwa kusifu uhodari wa mafundi wake. Na hakuna hata neno moja humo lililokuwa na asili.

Mambo hayo mawili yametoka katika kinywa kimoja, kwa utulivu ule ule, na hapo ndipo penye hatari yake. Mtu akidanganya, mara nyingi sauti humbadilika; programu hii haina badiliko. Wala wasidhani watu wa Musoma kwamba hayo huwapata wao tu kwa ugeni wao. Mwaka 2025 huko Australia, Deloitte, mojawapo ya kampuni kubwa za ushauri duniani, ilikubali kurudisha sehemu ya malipo ya ripoti iliyoiandikia serikali kwa mkataba wa dola za huko takriban 440,000, baada ya msomaji mmoja mwangalifu kugundua kwamba ndani yake yametajwa maandiko yasiyokuwapo na hata maneno ya hukumu ya mahakama ambayo jaji hakuyasema. Na kampuni ikakiri kwamba akili mnemba ilitumika katika kuiandaa. Kampuni ile ina mawakili na ina akiba ya kurudisha fedha. Mkandarasi wa daraja la saba hana. Yeye akipatikana ameweka mkataba wa uongo ndani ya zabuni, sheria yetu inaruhusu afungiwe asishiriki zabuni za umma kwa miaka, na utetezi wa kwamba imeandika mashine hautamfaa kitu, kwa sababu mashine haina namba ya mlipakodi wala sahihi, haifungiwi, haifilisiki, wala haina watoto wa kulipiwa ada.

Kadhalika bei. Ukiiuliza programu vyumba viwili vya madarasa vitagharimu kiasi gani, itakupa tarakimu zilizopangwa vizuri. Lakini haijui tripu ya mchanga kutoka ufukoni mwa ziwa hadi Kiabakari inauzwaje wiki hii, haijui kwamba mvua zikikaza barabara fulani za vumbi haziwezi kupitisha lori lenye kokoto, haijui ni fundi gani wa Buhemba anayemaliza kazi aliyoianza na ni yupi huondoka akishapata malipo ya awali. Maarifa hayo yamo vichwani mwa watu wa Mara, na ndiyo rasilmali pekee waliyo nayo ambayo mgeni mwenye fedha nyingi hana. Itakuwa msiba wayaache wakafuate wastani wa bei uliookotwa na mashine kutoka pande zote za dunia. Tena lipo jambo ambalo wengi hawajalifikiri: wazabuni kumi wakiiuliza programu moja swali moja, watapata bei zinazofanana, na bei zikifanana kupita kiasi, mkaguzi ana haki ya kushuku kwamba walikula njama, ilhali hawajawahi hata kuonana.

Fauka ya hayo iko amana ya taarifa. Zabuni hubeba wasifu wa mafundi, vyeti vyao, namba zao za vitambulisho, na taarifa za benki za kampuni; na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, isiyomruhusu mtu kuzimwaga taarifa za mwenzake apendapo. Mzabuni mwenye busara huipa programu waraka wa halmashauri, ambao ni wa watu wote, akabaki na vyeti vya mafundi na bei zake mwenyewe.

Ninapoyasema haya sitaki mtu adhani kwamba ninawaogofya wadogo wasiguse chombo ambacho wakubwa wameshakishika. Kinyume chake. Sheria inazitaka taasisi zinazonunua zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Na halmashauri zenyewe, kwa upande mwingine, hutoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, mikopo iliyosimamishwa 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata. Fikiri basi habari ya kikundi cha kina mama wa Bunda wanaoshona sare za shule: wameshapata mkopo, wameshanunua cherehani, Afisa Maendeleo ya Jamii ameshawatambua, na mnunuzi wa kwanza anayestahili kununua kwao ni halmashauri ile ile iliyowakopesha. Kilichosimama kati ya cherehani na soko ni waraka ambao katibu wao, mwanamke mwerevu aliyeandika kumbukumbu zote za kikundi kwa Kiswahili kinyoofu, hawezi kuusoma. Akiwapo msomaji wa kumfafanulia kifungu kwa kifungu, saa yoyote ya usiku, bila kumdharau na bila kumwomba fungu lake, huo ni msaada ambao sijui ni nani angeuita mdogo. Kwake yeye chombo hiki kina faida kubwa kuliko kwa kampuni yenye ofisi ya ghorofa, ambayo siku zote ilikuwa na mtu wa kuisomea.

Upande wa wanunuzi nao utaguswa. Vitengo vya ununuzi vya halmashauri zetu vina watu wachache, nao watakuja kupokea zabuni zilizoandikwa vizuri zote, zenye mpango kazi unaong'aa na maneno ya usalama kazini yaliyonakiliwa neno kwa neno, hata ustadi wa kuandika usiwe tena dalili ya ustadi wa kujenga. Wengine duniani wameamua kuipa mashine mwamuzi ambaye ni mashine mwenzake: Mahakama ya Ukaguzi ya Brazil inayo programu iitwayo ALICE inayopitia matangazo ya zabuni ikitafuta dosari, na Septemba 2025 waziri mkuu wa Albania, Edi Rama, alitangaza kwamba amempa programu iitwayo Diella cheo cha waziri wa kusimamia ununuzi wa umma ili kuikata mizizi ya rushwa. La Brazil ninalielewa, kwa kuwa mkaguzi kuwa na macho zaidi si vibaya. La Albania siliafiki, kwa sababu waziri ni mtu wa kuulizwa bungeni na kujibu. Kwetu dawa iliyo aula ni ya miguu: kabla ya kutoa kazi, timu ya tathmini iende karakana ya mzabuni, itazame mbao zilizokauka na zisizokauka, na ifike kwenye shule iliyotajwa katika uzoefu wake kuona kama madawati hayo yapo. Kutoka Musoma hadi Butiama si safari ya kumshinda mtu.

Na kwa kuwa tumefika Butiama, haifai kupita kimya. Mtu aliyezaliwa hapo na kuzikwa hapo, Mwalimu Julius Nyerere, ndiye ambaye serikali yake ilizifuta serikali za mitaa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi tena 1984. Naye baadaye alikiri kwamba kuzifuta, pamoja na kuvivunja vyama vya ushirika, ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia lau angepewa kuanza upya. Alijua kwamba halmashauri ina maana ikiwa karibu na watu. Na ndiye yule yule ambaye, akiwa katika shughuli nzito za kuijenga dola, alitenga saa zake kumtia Shakespeare katika Kiswahili, Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akadhihirisha kwamba lugha hii haishindwi na maneno ya mahakama ya Venisi wala ya baraza la Roma.

Basi kuna sababu gani ya maana inayoufanya waraka wa zabuni ya madawati, unaotolewa na halmashauri ya Kitanzania, kwa seremala wa Kitanzania, kwa shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili, uandikwe kwa Kiingereza? Nyaraka hizo si kwamba kila halmashauri hujitungia. Ni nyaraka sanifu zinazotolewa na PPRA, na halmashauri hujaza tu majina, tarehe na vipimo vyake. Kwa hiyo tafsiri moja, iliyofanywa kwa uangalifu na wanasheria pamoja na watu wa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ikathibitishwa na ikawa na nguvu ya kisheria, ingemfikia mzabuni wa Musoma na wa Mtwara kwa siku moja. Leo seremala anafanyiwa tafsiri hiyo na mashine iliyotengenezwa ng'ambo, ikifanywa upya kwa kila mtu na kwa kila waraka, bila mdhamini, na ikikosea neno hasara ni yake peke yake. Seremala amekwisha tengeneza njia yake kwa alichokipata. Ninaowasemesha ni wale wenye mamlaka juu ya nyaraka. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya utoaji haki katika mahakama zetu, na wapo majaji na mahakimu wanaoandika hukumu za mauaji, za mirathi na za ardhi kwa Kiswahili. Waraka wa kununua madawati mia mbili hauwezi kuwa mgumu kuliko hukumu ya mauaji, na PPRA inaweza kuanza na zabuni ndogo zilizotengwa kwa makundi maalumu, kabla ya Julai ijayo, halmashauri zitakapoufungua mwaka mwingine wa fedha.